Kabla Fedha Hazijaingia: Mwongozo wa Kusimamia Mradi wa Kijiji kwa Haki

Mwongozo huu ni wa msimamizi wa mradi mdogo: mkuu wa shule aliyeletewa fedha za madarasa mawili, mganga mfawidhi anayejengewa wodi, mtendaji wa kijiji, katibu wa kamati ya ujenzi, au afisa wa shirika anayechimba kisima huko Tandahimba. Anayejenga barabara ya lami ana mhandisi, mwanasheria na mkaguzi wa ndani. Wewe una daftari, simu, na kamati ya watu wanaojuana tangu walipokuwa jandoni.

Nina neno moja tu la kusema, na hatua zote zinalizunguka. Uamuzi wa haki haufanywi siku ya jaribu. Siku hiyo lori limeshafika, jua linazama, dereva anataka kuwahi kurudi Mtwara mjini, na simu ya mkubwa inaita. Mtu mwema kabisa hukubali jambo la ovyo akiwa katika hali hiyo, na kesho yake hajui alikubali vipi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii inatakiwa iwe imekwisha kabla shilingi ya kwanza haijaingia kwenye akaunti.

Hatua ya 1: Andikeni nani anaamua nini

Kamati ikae, ichukue karatasi moja, iandike mambo manne: uamuzi ambao msimamizi anaweza kuufanya peke yake, ule unaohitaji sahihi za watu wawili, ule wa kamati nzima, na ule ambao lazima uende kwenye mkutano mkuu wa kijiji au kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kununua misumari iliyopungua asubuhi fundi akiwa juu ya paa ni jambo la msimamizi, mradi mmekubaliana kiwango cha fedha. Kubadili fundi ni la kamati. Kubadili ramani au aina ya nondo si la yeyote hapo kijijini, ni la mhandisi wa halmashauri.

Miradi mingi ya shule na zahanati hujengwa kwa fosi akaunti, yaani taasisi inajenga yenyewe kwa mafundi wa eneo lake badala ya kumpa mkandarasi. Utaratibu huo unataka kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Sababu yake ni nyepesi: anayenunua asipokee, anayepokea asilipe. Tatizo ni kwamba mahali pengi kamati ni tatu kwenye karatasi na mtu ni mmoja. Mkuu anaagiza, mkuu anapokea, kisha jioni anazunguka nyumba kwa nyumba akikusanya sahihi za muhtasari wa kikao ambacho hakikukaa. Wajumbe wanasaini kwa kumheshimu, na kwa kuwa posho ya kikao imeambatana na karatasi.

Muhtasari wa namna hiyo ndio uongo wa kwanza katika miradi mingi, na hauonekani kama uongo kwa sababu siku hiyo hakuna aliyeiba kitu. Lakini ukishapita, njia imefunguka: mwenye kuandika kikao kisichokuwepo ataandika pia mzigo usiokuwepo. Kikao kisipowezekana, andika kwamba hakikuwezekana na kwa nini. Piga simu kwa wajumbe, andika nani alisema nini na saa ngapi, na kikao kijacho kithibitishe. Mkaguzi anaelewa dharura. Asichoelewa ni wajumbe saba waliohudhuria kikao Jumanne wakati wawili kati yao walikuwa msibani Masasi.

Jambo moja la siku hizi. Ununuzi wa umma unapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa kununua kwa njia ya mtandao, ulioanza kutumika 2023, na si kila shule ina mtandao wa kuaminika. Usimwachie kijana wa steshenari nywila yako ili “akusaidie kubofya”. Kitakachoidhinishwa humo kimeidhinishwa na wewe.

Hatua ya 2: Tajeni ndugu, na msisahau upande wa mama

Fomu za mgongano wa maslahi huuliza mke, mume, mtoto, pengine kaka na dada. Zimeandikwa na watu wa mbali. Huku Kusini mwa Tanzania, kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera, ukoo kwa asili hufuatwa upande wa mama, na mjomba ana sauti ambayo baba wakati mwingine hana. Msimamizi anaweza kujaza fomu yote kwa ukweli, asiwe na mtoto wala kaka mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na bado tenda ikaenda kwa mpwa wake. Fomu imejazwa vizuri, kijiji kizima kinacheka.

Kwa hiyo msitegemee fomu. Kikao cha kwanza kila mjumbe aseme kwa mdomo, na katibu aandike: katika watu wanaouza simenti, mbao na mabati hapa na wilayani, nani ni mjomba wangu, mpwa wangu, mkwe wangu, mtu ninayemdai au anayenidai. Hilo la deni linasahaulika sana. Mtu aliyekopa pembejeo dukani kwa mtu, akingoja korosho ziuzwe ndipo alipe, hawezi kumkatalia mwenye duka hilo bei mbaya.

Kuwa na ndugu si kosa. Kijiji cha watu wanaojuana, ukimkataa kila mwenye undugu hutabaki na fundi hata mmoja. Kinachotakiwa ni mjumbe mwenye undugu atoke nje jambo hilo linapoamuliwa. Atoke kwelikweli, aende akae chini ya mwembe, asibaki akikohoa kwenye kona. Na iandikwe kwamba alitoka.

Hatua ya 3: Siku ya lori

Hapa ndipo fedha za miradi midogo zinapopotelea, kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuseme mmeagiza mifuko 100 ya simenti. Lori linafika saa kumi na mbili jioni. Mifuko iliyoshushwa ni 90. Hati ya mzigo inasema 100.

“Shikamoo mama. Saini tu hapo, kumi iliyobaki inakuja kesho na gari la mchanga.”

“Marahaba mwanangu. Basi ya kesho tutaisaini kesho.”

Huyo mama wa kamati ya mapokezi amefanya kazi yake yote kwa sentensi moja, bila kumtukana mtu wala kumwita mwizi. Kisha akate namba 100 kwa mstari mmoja unaosomeka, aandike “nimepokea 90”, tarehe, saa na namba ya gari, asaini, na dereva naye asaini. Nakala moja ibaki kijijini. Dereva akikataa kusaini, mzigo urudi naye. Hapo ndipo utajua kama ile kumi ilikuwa njiani kweli.

Simenti zihesabiwe zikiwa zinashushwa, si zikiwa zimeshapangwa, maana rundo lililopangwa vizuri linaweza kuwa tupu katikati. Angalia pia daraja lililoandikwa kwenye mfuko. Ile ya 32.5 ni ya kujengea na kupiga lipu, ya 42.5 ni ya zege lenye kubeba uzito. Kama makadirio yanasema 42.5 na imeletwa 32.5, hiyo si “simenti ni simenti tu”.

Nondo ndizo zenye ujanja zaidi, kwa sababu macho hayawezi kutofautisha milimita mbili jioni. Dawa yake mnayo kijijini: mizani ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ile ya kupimia korosho. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa kuwa na takribani kilo 10.6. Ya milimita 10 yenye urefu huohuo ni kilo 7.4 hivi. Pimeni nondo kumi kwa pamoja. Zikikaribia kilo 106 mko salama. Zikija 85, mmeuziwa jina. Hili napenda lifanyike hadharani, kwa sababu hakuna kitu mkulima wa Mtwara au Lindi anakielewa kama mizani. Amelalamikia mizani maisha yake yote. Mpe nafasi ya kuwa upande wa anayepima.

Baada ya hapo kila kitu kiingie kwenye leja ya stoo: kilichoingia, kilichotoka, nani kachukua, kwa kazi gani. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walishamaliza hilo. Ufunguo wa stoo usikae kwa fundi.

Hatua ya 4: Fedha hazitoshi, na kila njia ina ubaya wake

Wizi ni rahisi kuuamua, kwa kuwa jibu linajulikana hata kama ni gumu kulitekeleza. Kazi ya uongozi inaonekana pale ambapo hakuna mwizi, na bado lazima mtu aumie.

Mfano wa kawaida: bei zimepanda. Fedha zilizobaki haziwezi kununua mabati ya geji 28 yaliyomo kwenye makadirio na wakati huohuo kumaliza lenta ya juu, ule mkanda wa zege na nondo unaozunguka kuta. Kuna njia nne mezani. Kununua geji 30, ambayo ni nyembamba, bila kusema. Kupunguza nondo za lenta. Kuwaomba wananchi mchango. Au kusimamisha kazi na kumwandikia mkurugenzi, huku mvua za Desemba zinakuja.

PMI, taasisi ya Marekani ya wataalamu wa usimamizi wa miradi iliyoanzishwa 1969, imejenga kanuni zake za maadili juu ya mambo manne: kuwajibika, kuheshimu watu, kutopendelea na kusema kweli. Ni mazuri yote, lakini katika mfano huu yanavutana. Kuwajibika kunasema maliza kabla ya mvua. Kusema kweli kunasema andika barua usubiri. Kwa hiyo mimi hupendekeza maswali matatu, kwa mpangilio huu.

Kwanza, je, jambo hili linaweza kurekebishwa baadaye? Bati jembamba linaweza kubadilishwa baada ya miaka michache. Nondo iliyopunguzwa ndani ya zege haionekani tena, wala hairekebishwi, na watakaokaa chini yake ni watoto. Njia isiyo na kurudi nyuma itoke mezani mara moja, hata kama ndiyo ya bei nafuu, hata kama fundi anaapa. Hilo halipigiwi kura.

Pili, atakayeumia yupo kwenye kikao hiki? Mchango ukiamuliwa na wajumbe wenye mashamba makubwa ya korosho, anayeumia ni mjane mwenye miche michache, na hayupo. Mwiteni au muahirishe.

Tatu, mko tayari kuiandika kwenye ubao wa matangazo kama ilivyo? Geji 30 inayotangazwa, kwa kibali cha mhandisi na sababu yake, ni uamuzi. Geji 30 ya kimyakimya ni udanganyifu, na bati ni lilelile.

Ukiniuliza mimi katika mfano huu, ningemaliza lenta kama ilivyochorwa, nikamwandikia mkurugenzi siku hiyohiyo, na paa likasubiri. Kwa vijiji vya pwani kama Msimbati au Kilwa Kivinje nisingeomba hata kibali cha geji 30, maana upepo wa chumvi hula bati, na jembamba halitadumu. Newala juu huko, ningefikiri tena.

Hatua ya 5: Haraka za wakubwa

Kuna tarehe mbili zinazoharibu majengo. Ya kwanza ni 30 Juni, mwisho wa mwaka wa fedha, ambapo kila mtu anataka hati isome “imekamilika”. Ya pili ni siku Mwenge wa Uhuru unapopita kukagua na kuzindua. Mwenge hauna kosa, ukaguzi wake umeshaumbua miradi mingi mibovu. Kosa ni letu tunaopaka rangi juu ya lipu mbichi ili jengo lipendeze, kisha rangi ikabanduka kabla ya kiangazi kuisha.

Zege huhesabiwa kupata nguvu yake iliyokusudiwa kwa siku 28, na siku saba za mwanzo linahitaji maji, hasa kwa joto la Lindi. Andikeni siku hizo kwenye ratiba tangu mwanzo, mpeleke ratiba kwa mtendaji wa kata ikiwa na mhuri. Simu ikija, jibu lipo tayari: “Mheshimiwa, ratiba tuliyoileta inasema jamvi la zege linamwagiliwa mpaka tarehe hii. Tukikanyaga leo litapasuka, na tutalionyesha likiwa limepasuka.” Kwa heshima, bila ubishi, na usimalize bila kumwambia siku utakayokuwa tayari. Mkubwa anayekataliwa bila kupewa tarehe nyingine hukasirika, na ana haki.

Anayekuagiza kinyume cha taratibu, muombe akuandikie. Mara nyingi agizo huishia hapo.

Hatua ya 6: Bahasha

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamshika anayetoa na anayepokea, kwa hiyo “mimi sikuomba, aliniletea” haikusaidii. Simu ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113. Hayo kila mtu ameyasikia. Lisilozoeleka ni namna ya kukataa bila kumvunjia mtu heshima, kwa sababu bahasha huku haiji kama bahasha. Inakuja kama samaki wa kupeleka nyumbani, kama mafuta ya pikipiki, kama “mwalimu, mchango wangu wa harusi ya binti yako huu hapa, nimeuleta mapema”.

Kanuni ninayoiamini: katika kipindi chote cha mradi, usipokee kutoka kwa mzabuni au fundi kitu ambacho huwezi kukiingiza kwenye daftari la zawadi la kamati. Kikombe cha chai kunywa. Samaki, mwambie akawape mafundi wale mchana, wote waone. Mchango wa harusi, “Ahsante sana kaka, tukimaliza kukabidhi jengo njoo unichangie, sasa hivi nitashindwa kukudai simenti.” Ukisema sababu hiyo wazi, mtu mwelewa hacheki, na mwenye nia mbaya anajua mlango umefungwa.

Kuna rushwa nyingine ambayo kamati za wanaume hazipendi kuitaja. Wanawake wanaotafuta vibarua vya kubeba maji na mchanga, au nafasi ya kuwapikia mafundi, huambiwa na nyapara kwamba kazi ipo lakini “tuonane kwanza”. Sheria hiyohiyo ya 2007, kifungu cha 25, inaitambua kuwa ni rushwa ya ngono. Dawa ya kiutendaji ni kumwondolea nyapara uwezo wa kuchagua: majina ya vibarua yaandikishwe hadharani, zamu ipangwe kwa orodha, na mjumbe mwanamke wa kamati ndiye ashike orodha na kulipa. Anayelipa awe tofauti na anayegawa kazi.

Mwenye kuleta taarifa ya uovu analindwa na Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Kijijini, ulinzi wa kwanza ni mdomo wako. Ukimtaja aliyekuambia, hata kwa mkeo, hutaambiwa tena.

Hatua ya 7: Nguvu za wananchi

Mawe, mchanga, maji na siku za kazi ni fedha. Ziandikwe kwa thamani kama mlivyoandika simenti, la sivyo baadaye mtu atazigeuza kuwa malipo hewa.

Msiite watu kuchimba msingi Oktoba. Wako mikorosho, wanaokota, minada inaanza, na anayekosa siku moja ya kuokota amepoteza kitu ambacho hamtamlipa. Na kama mnafikiria makato kwenye kila kilo ya korosho inayopita ghalani, uamuzi huo si wa kamati ya ujenzi. Ni wa wanachama wenyewe katika mkutano mkuu wa AMCOS, wakijua kiasi, kwa muda gani, na nani atawasomea mahesabu. Makato ni rahisi kuyaanzisha na magumu kuyaondoa. Hakuna anayeyapenda, hata anayeyapigia kura.

Wazee, wagonjwa na wajane wasamehewe kwa majina, kabla hawajaja kuomba. Wanafunzi wasibebeshwe ndoo za maji saa za masomo, kwenye uwanda wa Makonde ambako maji yenyewe yako mbali.

Hatua ya 8: Ubao

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kisheria kukaa kila baada ya miezi mitatu, lakini msingoje miezi mitatu. Kila Ijumaa bandikeni karatasi moja: fedha zilizoingia, zilizotumika wiki hii na kwa nini, zilizobaki, na tatizo lililopo. Kwa Kiswahili cha kawaida. “Mabati 60, bei ya moja, jumla, duka fulani.” Mchanganuo wa mhandisi wenye kurasa kumi na mbili ukibandikwa wote hakuna atakayeusoma, na wapo wanaoubandika kwa sababu hiyohiyo.

Msiache kuandika tatizo. Karatasi inayosema kila wiki kwamba mambo ni shwari haiaminiki. Watu hawa wanakumbuka 2013, vurugu za Mtwara kuhusu bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam. Yalisemwa mengi wakati ule kuhusu nani alichochea, lakini hili moja linamhusu kila msimamizi hata wa choo cha matundu sita: mtu akipewa taarifa baada ya uamuzi, atajaza mwenyewe pengo la kabla ya uamuzi, na hatalijaza kwa mambo mazuri.

Hatua ya 9: Kukabidhi

Pitieni jengo chumba kwa chumba pamoja na fundi, mhandisi na watu wawili ambao hawakuwa kwenye kamati. Fungueni kila dirisha. Mwageni maji sakafuni muone yanaelekea wapi. Kasoro ziandikwe na tarehe ya kurekebishwa, na sehemu ya malipo ya fundi izuiliwe mpaka kipindi cha matazamio kiishe, masika moja ipite juu ya paa. Leja, mihtasari, hati za mizigo na risiti za EFD (mashine za kodi) zifungwe katika faili tatu: moja ofisi ya mtendaji wa kijiji, moja halmashauri, moja hapohapo shuleni au zahanati. Mabaki ya stoo, hata mbao nne na nusu ndoo ya rangi, yahesabiwe na yaandikwe yamekwenda wapi.